Kasha la juu ya kabati

Kitinda mimba wangu alipotimiza miezi 6 nilipanda kiti nikashusha kasha la plastiki lililokaa juu ya kabati miaka 3 na ushei. Mlikuwa na nguo za dada yake. Nilizifua mwenyewe, nikazipiga pasi, nikazikunja moja moja na kuzipanga kwa miezi, za mwaka chini, za miezi 3 juu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mdogo atazivaa, na zitakazobaki nitaziuza, maana nyingi zilikuwa zimevaliwa mara chache mno.

Nilipoinua mfuniko nilikutana na ovaroli la kulalia ambalo nililiweka likiwa jeupe pe. Sasa kifuani palikuwa na madoa ya manjano, yametandaa kama ramani, na mengine yameshaambukiza nguo ya chini yake. Nikatoa la pili, la tatu, hali ile ile. Nikachukua suruali ya pamba yenye mpira kiunoni. Nilipouvuta, mpira ulitoa mlio mkavu, ukatanuka, haukurudi. Nilikaa sakafuni, mtoto mapajani, nikazihesabu zote: vipande 41. Vilivyofaa kuvaliwa vilikuwa 17.

Hela iliniuma, sikatai. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba katika miaka ile 3 watoto wengine wawili watatu wangezivaa zikiwa nzima, na mimi nilizifungia gizani nikiamini nazitunza. Tangu siku ile nauza nguo za wanangu mara tu zinapoanza kuwabana. Leo ni mwaka wa 6. Kina mama wengi huniuliza nafanyaje, na akina baba kadhaa pia, kwa hiyo nimeona niandike yote ninayoyajua mahali pamoja.

Kwanza, mwili wa mtoto wenyewe, maana biashara yote hii imesimama juu yake. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa akiwa na urefu wa karibu sm 50. Akifika mwaka, wengi huwa wamefika sm 75 hivi. Mwaka wa pili huongeza kama sm 12, kisha mwendo unatulia polepole, hata akawa anaongeza sm 5 hadi 7 hivi kwa mwaka mpaka anapokaribia kubalehe. Sasa angalia nguo za Ulaya, ambazo lebo yake ni urefu wa mtoto kwa sentimita: 50, 56, 62, 68, 74, 80, 86. Kutoka lebo moja hadi nyingine ni sm 6. Maana yake mtoto anapita lebo 5 ndani ya mwaka wake wa kwanza, na akifika miaka 2 ameshamaliza 7. Ovaroli la lebo 62 lina miezi miwili hivi ya kuwa na mwanao. Kitambaa chake kina miaka.

Kuna mhandisi wa Uingereza, Ryan Yasin, ambaye alimnunulia mpwa wake nguo, zikafika zikiwa tayari zimekuwa ndogo. Jambo hilo lilimkaa kichwani mpaka akabuni nguo za watoto zenye mikunjo inayofunguka kadiri mtoto anavyorefuka, na mwaka 2017 zikampatia tuzo ya James Dyson kwa upande wa Uingereza. Naipenda habari hiyo kwa sababu inaonyesha tatizo si uzembe wa mzazi. Nguo za kawaida hazifunguki mikunjo, kwa hiyo namna pekee ya kuifanya nguo iishi umri wake ni kumtafutia mtoto anayefuata.

Na hao wanaotafuta wapo wengi kuliko tunavyodhani. Vinted, soko la mtandaoni la nguo zilizokwisha kuvaliwa, ilianzishwa Lithuania mwaka 2008 kwa sababu msichana mmoja alikuwa anahama nyumba na nguo zake zilizidi uwezo wa kuzibeba. thredUP ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilianza kama mahali pa wanaume kubadilishana mashati, na mwaka uliofuata ikageukia nguo za watoto, kwa kuwa kwa watoto ndiko nguo nzuri zinakorundikana bila wa kuzivaa. Facebook nayo ilifungua soko lake mwaka 2016. Siku hizi karibu kila mzazi mwenye simu anaweza kuuza. Kinachotutofautisha ni namna tunavyoiandaa nguo na namna tunavyoieleza.

Mimi sikuanzia kwenye simu. Nilianzia kwenye duka la kuuzia kwa mali kauli. Wafanyabiashara wanalijua neno hili: mali inatoka mkononi mwako kwa makubaliano tu, na fedha inakuja ikishauzwa. Ndivyo maduka hayo ya nguo za watoto yanavyofanya kazi. Unapeleka nguo, mwenye duka anachagua anazozitaka, anazitundika, anazipangia bei, na kila ikiuzwa mnagawana. Mkataba wangu wa kwanza ulinipa asilimia 40, duka asilimia 60. Nguo ilikaa siku 90. Baada ya siku 30 bei ilishushwa, baada ya 60 ikashushwa tena, na ikifika 90 haijauzwa nilikuwa na wiki moja ya kuifuata, la sivyo inakuwa ya duka. Nilipousoma mara ya kwanza niliona naonewa. Baada ya miezi michache ya kupiga picha mwenyewe, kujibu meseji usiku na kufunga vifurushi, niliielewa ile 60. Ni malipo ya muda. Kama una mtoto mchanga na hulali, asilimia 40 bila kazi ni bora kuliko asilimia 100 ya tangazo ambalo hutaliandika kamwe.

Ila siku ile ya kwanza ndiyo iliyonifundisha kuliko mwaka mzima uliofuata. Nilibeba nguo 30, mama mwenye duka akachukua 9. Sikuondoka. Nilimwomba anionyeshe alichokuwa anakitazama, naye, Mungu ambariki, akanionyesha. Aliingiza mkono ndani ya suruali mpaka kwenye goti, akanyoosha vidole, akaielekeza dirishani. Penye goti mwanga ulipita kwa vitundu vidogo vidogo ambavyo kwa nje sikuviona kabisa. Akaigeuza fulana ndani nje na kukimbiza kidole gumba juu ya mshono wa kwapa, taratibu, kama mtu anayetafuta uzi uliolegea kwenye jamvi. Akafungua na kufunga kila kifungo cha kubana, vyote 11, kwenye ovaroli la kulalia, na cha 9 kikagoma. Akaivuta zipu mpaka mwisho, akairudisha, akaivuta tena. Mwisho akanusa ukosi. "Mama wa mtoto hanusi nguo ya mwanawe," aliniambia, "ameshaizoea. Mnunuzi atainusa kwanza kabla hajaitazama."

Ndivyo ninavyofanya mpaka leo, kwa mpangilio ule ule: goti, kwapa, vifungo, zipu, ukosi. Nguo isiyopita hapo siiuzi.

Kuhusu mali kauli nina onyo moja, nalo nililipata kwa hasara. Miaka miwili baadaye nilipeleka nguo kwenye duka jingine, mbali kidogo na la kwanza. Nilimwachia mwenye duka vipande 23, vingine ni makoti mazuri ya dada mtu. Hatukuandikiana. Aliniambia ataniorodheshea akipata nafasi, nami nikaona haya kusisitiza kwa kuwa tulitambulishwa na rafiki. Wiki ya 7 nilipita nikakuta mlango umefungwa na karatasi ya mwenye nyumba imebandikwa kwenye kioo. Simu haikupokelewa. Nguo zangu niliziona kwa macho, zimetundikwa mle ndani, na sikuwa na kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba ni zangu. Sikuzipata.

Kwa hiyo, hata akiwa ndugu yako: orodha ya kila kipande, saini za pande mbili, na picha za nguo zote zimetandazwa kitandani kabla hazijatoka nyumbani. Uliza mgao ni asilimia ngapi, nguo inakaa siku ngapi, nani anaruhusiwa kushusha bei, wanalipa lini, na ikipotea au ikiharibika dukani nani anabeba. Mwenye duka mwaminifu hachukizwi na maswali hayo. Yule wa kwanza alinipa fomu kabla sijamwomba.

Sasa madoa, maana hapa ndipo nguo nyingi hufia. Yale madoa ya manjano yaliyonitoa machozi si uchafu ulioingia kasha likiwa juu ya kabati. Ulikuwemo tangu siku nilipozikunja. Mtoto akicheua maziwa, nguo ikifuliwa harakaharaka, protini na mafuta kidogo hubaki ndani ya nyuzi bila kuonekana. Miezi inavyopita, hewa na joto huyageuza rangi. Ndiyo maana nguo inaingia nyeupe na kutoka ya manjano. Na adui mkubwa ni maji ya moto. Mama yangu alinilea nikiamini kwamba doa gumu linahitaji maji ya moto, na kwa grisi yuko sawa. Kwa maziwa na damu, maji ya moto yanaipika protini na kuishikisha kwenye uzi. Anza na maji baridi.

Ninavyofanya ni hivi. Naigeuza nguo, naisuuza kwa maji baridi upande wa nyuma wa doa, ili doa litoke kwa njia liliyoingilia. Napaka sabuni ya maji yenye vimeng'enya, yaani viini vinavyovunjavunja protini, naisugua kwa kidole tu, si kwa brashi, maana brashi hutoa vinyweleo kwenye pamba na nguo inazeeka mbele ya macho yako. Naiacha saa moja au zaidi. Likiwa doa la zamani naloweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu na unga wa kung'arishia wenye oksijeni, kisha nafua, kisha naanika juani ingali mbichi. Jua lina nguvu ya ajabu juu ya madoa ya manjano. Kati ya zile nguo 24 zilizoharibika ndani ya kasha lile, 6 niliziokoa kwa njia hiyo. Nyingine zilikuwa zimepita wakati. Sufu na hariri usizitie sabuni yenye vimeng'enya: nyuzi zake nazo ni protini, na vitakula nguo pamoja na doa. Na usikaushe kwa mashine wala kupiga pasi kabla hujahakikisha doa limetoka.

Usinyunyize manukato. Anayenunua nguo za mtoto mchanga anataka harufu ya kitu kilichofuliwa, basi. Nimeshawahi kupokea kifurushi chenye harufu kali kiasi kwamba nilifua mara 4, na muda wote nilijiuliza mwenzangu alikuwa anaficha nini.

Baada ya kufua, picha. Mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, shuka la rangi moja chini. Nguo ipigwe pasi hata kama ni fulana ya kuchezea. Mbele, nyuma, lebo ya saizi, lebo ya kitambaa, magoti au viwiko kwa karibu, na kasoro kwa karibu zaidi. Picha 6 au 7. Mwanao asiwemo. Wengine huona nguo ikivaliwa inavutia zaidi, na huenda ni kweli, lakini picha ile inabaki kwa watu usiowajua hata nguo ikishauzwa, na mtoto hajaulizwa. Pia tafuta jina lake kwenye ukosi wa nguo za shule. Mimi huitoa lebo ya jina kwa wembe mdogo wa fundi, uzi mmoja mmoja, nikichelea kutoboa.

Halafu vipimo. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa nusu ya nguo zinazorudishwa, kwa uzoefu wangu mwenyewe, zimerudi kwa sababu ya saizi. Lebo ya "miezi 12" haisemi kitu. Kiwanda kimoja kinamaanisha mtoto anayeingia miezi 12, kingine kinamaanisha anayeitoka. Na pamba iliyofuliwa mara 30 imeshajikunja kivyake. Chukua futi ya fundi cherehani, tandaza nguo mezani, pima: kwapa hadi kwapa, bega hadi pindo, urefu wa mkono, na kwa suruali, kiuno mpira ukiwa umetulia, kiuno mpira ukiwa umevutwa, na mshono wa ndani wa mguu kutoka katikati hadi chini. Andika kwa sentimita. Mzazi wa upande wa pili atachukua suruali inayomkaa mwanawe sasa, ataipima, atalinganisha, na hatakuuliza lolote zaidi. Tangu nianze kuandika kiuno kilichovutwa, meseji za "itamtosha mtoto wa miaka 4?" zimepungua hadi karibu na sifuri.

Kasoro nazo. Mwaka wangu wa kwanza niliuza koti la bluu la dada mtu lenye tundu dogo chini ya mfuko wa kushoto, dogo kama kichwa cha pini. Niliandika "hali nzuri sana". Nilijiambia hakuna atakayeliona. Mama aliyelinunua aliliona siku lilipofika, akaniandikia kwa upole kabisa kwamba angelinunua hata kama ningemwambia, kwa sababu anajua kushona, lakini sasa hajui ni nini kingine sijamwambia. Akalirudisha. Maneno yale yalinichoma kuliko kama angenitukana. Nilirudisha fedha yake yote na gharama ya posta, nikapiga picha tundu lile na sarafu pembeni yake ili ukubwa uonekane, nikaandika wazi, nikashusha bei kidogo. Likauzwa kabla wiki haijaisha. Tangu hapo kasoro ndiyo picha ya pili, mara tu baada ya nguo nzima, wala siifichi mwishoni. Watu huiona, wanaamua, na wanaoamua kununua hawarudishi.

Bei siwezi kukupangia, ila nitakuambia pa kuitazama. Usitazame bei wanazoomba wauzaji. Nguo inayoombewa bei kubwa miezi 5 bado iko pale kwa sababu ya bei hiyo. Programu nyingi zina sehemu ya kuchuja zilizokwisha kuuzwa. Hapo ndipo ukweli ulipo. Na tarajia mshtuko. Gauni ulilolinunua kwa gharama na likavaliwa mara moja halitakurudishia ulichotoa. Fedha ile uliitumia siku uliyonunua. Unachouza leo ni miezi iliyobaki ndani ya nguo.

Kuna aina zinazokwenda na zisizokwenda, na hili linafuata mwili wa mtoto vilevile. Nguo za mtoto mchanga ni nyingi mno sokoni, kila mzazi kapewa zawadi zile zile, na hazichakai kwa kuwa mtoto bado hatambai wala hatembei. Moja moja haziuziki. Zifunge fungu: ovaroli za kulalia 7 za lebo moja, soksi, kofia, bei moja. Mzazi mtarajiwa anataka kumaliza jambo kwa mkupuo. Kwa upande wa pili, suruali za watoto wa miaka 5 hadi 8 zenye magoti mazima ni adimu kweli kweli, hasa za wavulana, kwa sababu umri ule goti ndilo linalosimamisha mbio. Ukiwa nayo yenye goti zima usiitie kwenye fungu. Makoti, mabuti ya mvua na nguo za shule hutembea haraka, ila ziweke mapema: koti wiki 6 hivi kabla ya baridi, sare kabla shule hazijafunguliwa. Wengi wetu hutoa koti baridi ikishakwisha, kwa kuwa ndipo tunapogundua limekuwa dogo. Hapo lihifadhi msimu mmoja, si zaidi, na baada ya kuliosha vizuri, kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa. Kasha la plastiki mimi na wewe tumeshamalizana nalo.

Usalama wa mtoto atakayevaa ni juu yako pia, hata kama humjui. Kata, au tuseme chomoa kabisa, kamba za shingoni na kwenye kofia ya jaketi. Kamba hizo zimewahi kunasa kwenye bembea, milango ya magari na vitanda vya watoto na kusababisha vifo, na ndiyo sababu Marekani ilitoa mwongozo dhidi yake mwaka 1996 na Ulaya ikaweka kiwango chake, EN 14682. Jaketi la zamani linaweza kuwa bado nazo. Vuta kila kifungo kwa nguvu, kwa kuwa kinachong'oka kinaenda mdomoni. Na kama unauza zaidi ya nguo, kwa mfano kiti cha mtoto cha kwenye gari au kitanda, tafuta kwanza kama kiwanda kilikiita kirudishwe. Nchini Marekani sheria ya mwaka 2008 inakataza kabisa kuuza bidhaa ya namna hiyo, hata ukiwa unauza kutoka nyumbani kwako. Kiti cha gari kilichopata ajali usikiuze popote duniani.

Matapeli wapo, na wanapenda wauzaji wapya wenye watoto wadogo kwa kuwa tuna haraka. Dalili ni zile zile: anataka mhamie nje ya programu, hajauliza kipimo hata kimoja, anakutumia picha ya skrini kuonyesha amelipa, au "amezidisha" malipo na anataka umrudishie chenji. Nenda kwenye akaunti yako mwenyewe uione fedha ndipo ufunge kifurushi. Mkikutana ana kwa ana, iwe mchana, mahali penye watu.

Limebaki moja, na hili sikulifikiria kabisa nilipoanza. Kifungua mimba wangu alipokuwa na miaka 8 niliuza sweta lake la kijivu lenye vifungo vya mbao. Lilikuwa limembana mabegani, mikono imeishia juu ya kifundo. Nililipiga picha akiwa shule, likapata mnunuzi jioni ile ile. Asubuhi aliniona nikilifunga. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na begi lake mgongoni akauliza, "Mama, ulijuaje kwamba nimemaliza kulivaa?" Sikuwa na jibu. Nilimwandikia mnunuzi ukweli wote, nikamwomba radhi, naye akakubali kuufuta ununuzi. Sweta lile binti yangu aliendelea kulivaa nyumbani kwa miezi 4 zaidi, mikono ikiwa nusu, kisha siku moja akaniletea mwenyewe, limekunjwa.

Kwa hiyo siku hizi hatuuzi kitu bila mwenyewe kujua. Mara mbili kwa mwaka tunatoa kila kitu kabatini, tunajaribu, na kila mmoja anagawa mafungu yake: zinazonitosha, zilizonibana, nisizotaka ziondoke. Fungu la tatu nimeliwekea mpaka, kasha moja dogo kwa kila mtoto, na nimejiwekea mpaka huo na mimi: nina ovaroli la siku ya kwanza, jozi moja ya soksi, na kofia. Zilizochakaa mno kuuzika tunazikata matambara, na vifungo vyake vinaingia kwenye kopo la vifungo, ambalo limeshaokoa nguo nyingi nilizouza baadaye.

Jana jioni nilikuwa nafunga kifurushi cha fulana 5 kitinda mimba alipokuja na suruali yake ya kahawia begani na futi shingoni kama fundi. Alikuwa ameshaigeuza ndani nje. Akaingiza mkono mpaka kwenye goti, akanyoosha vidole, akaielekeza kwenye taa, akatazama kwa muda mrefu.

"Goti zima," akasema. "Andika."

Nikachukua kalamu. Kiuno kimetulia, sm 25. Kimevutwa, sm 31. Mshono wa ndani, sm 48.